Mwuguzi Naye Hunolewa



Siku moja asubuhi, mwenzetu mmoja wa kazi ya mchana aliingia dispanseri ya kambi akiwa na homa. Aliwakuta wauguzi watatu wamezunguka meza. Juu ya meza alilala mtoto wa plastiki, na mwuguzi mmoja alikuwa akimpulizia hewa kwa mfuko mdogo wa mpira, huku mwingine akihesabu kwa sauti. Mwenzetu alikasirika. Akasema: «Mimi nina homa ya kutetemeka, na ninyi mnacheza na mtoto wa sanamu?»

Mwuguzi wa zamu alimpokea pale pale, akampima, akampa dawa. Hakuchelewa hata kidogo. Lakini alitoka akinung'unika, na maneno yake yalifika mpaka bilo. Kwa hiyo nimeona vema kumjibu hapa, yeye pamoja na wote wanaofikiri kama yeye. Swali lake ni hili: muganga aliyekwisha soma, akapata diploma, anajifunza nini tena?

DIPLOMA SI KAMA UBATIZO

Wengi wetu tunafikiri kwamba elimu ya uganga ni kama ubatizo: ukishaupata mara moja, umekwisha kuupata. Sivyo. Elimu ya mikono ni kama panga la shamba. Likikaa juu ya dari bila kazi, hata kama lilinunuliwa kwa bei kubwa, litapata kutu.

Ninyi watu wa mgodi mnalijua jambo hili kuliko watu wengine. Kamba ya kupandishia mizigo haiachwi kwa sababu ilikuwa mpya siku ya kununuliwa. Hukaguliwa, na ikionekana imechakaa hutolewa. Kikosi cha uokoaji hufanya mazoezi ya moshi na ya machela hata pale ambapo hakuna moto wala mtu aliyefukiwa. Hakuna hata mmoja wenu anayewacheka na kusema: «Mbona wanabeba mtu ambaye hakuumia?» Mnajua kwamba siku ya ajali yenyewe hakutakuwa na nafasi ya kujifunza.

Ujuzi wa mwuguzi hupotea kwa njia mbili.

Njia ya kwanza: mikono husahau. Katika maternite ndogo, mtoto anayezaliwa bila kupumua hatokei kila siku. Pengine miezi miwili itapita, pengine mitatu. Akitokea, mwuguzi ana muda wa dakika moja tu kumkausha, kumsugua mgongo, na, kama bado hapumui, kumwekea kifuniko usoni na kuanza kumpulizia hewa. Ndiyo maana waalimu wa kazi hiyo wanaiita «dakika ya dhahabu». Mikono isiyofanya kitu hicho kwa miezi mitatu itatafuta mfuko kabatini, itakuta kifuniko hakikai vizuri usoni, na dakika itakuwa imekwisha.

Njia ya pili: uganga wenyewe hubadilika. Sisi tuliolelewa na klorokini tunakumbuka uchungu wake. Kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo dawa ya malaria. Lakini malaria iliizoea, na mwaka 2001 Kongo iliiacha. Na mwaka 2005 serikali ikachagua artesunate pamoja na amodiaquine. Kisha ikaja zamu ya malaria kali, ile inayomfanya mtoto adegedege na kupoteza fahamu. Zamani tulimtundikia serumu ya kinini. Mwaka 2010 utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi mbalimbali za Afrika, Kongo ikiwa mojawapo, ulionyesha kwamba sindano ya artesunate huokoa watoto wengi kuliko kinini. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likashauri sindano hiyo itumike kwa watoto wa Afrika. Sasa, mwuguzi aliyemaliza shule kabla ya hapo na hakufundishwa tena atafanya nini? Ataendelea na kinini, kwa moyo safi kabisa, akidhani anafanya vema. Na hata akipewa artesunate, lazima ajue hesabu yake: mtoto aliye chini ya kilo 20 hupata miligramu 3 kwa kila kilo, na mkubwa zaidi miligramu 2.4. Mtoto wa kilo 12 atapata miligramu 36. Asiyepima uzito anabahatisha, na kubahatisha si uganga.

KOSA LANGU MWENYEWE

Nisije nikaonekana kama mtu anayewahubiria wengine, nitawaeleza lililonipata mimi.

Mimi ni mwuguzi wa A2. Nilisoma katika shule ya waganga, ITM, na nilifaulu vizuri. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikifanya kazi mahali pengine, si hapa, karibu na ziwa. Kolera, ambayo wenzetu wa Tanzania huiita kipindupindu, iliingia. Usiku mmoja waliniletea kijana wa kazi, mtu wa kilo 60 hivi. Macho yalikuwa yameingia ndani. Ukibana ngozi ya tumbo, ilibaki imesimama. Mshipa wa mkono haukusikika. Alitazama, lakini hakujibu.

Nilimchoma sindano moja, ndogo, katika mkono mmoja. Nilimtundikia serumu ya sukari, glukozi. Na niliiacha idondoke polepole, tone kwa tone, kwa sababu shuleni tulionywa kwamba maji mengi huuzamisha moyo. Kisha niliketi kuandika fishi.

Kulikuwa na mama mmoja mwuguzi, wa A3, yaani diploma yake ni ya chini kuliko yangu, na umri wake ni wa kunizaa. Alikuwa ametoka siku chache tu kufundishwa katika kituo cha kutunza wagonjwa wa kolera. Aliingia, akamtazama mgonjwa, akaitazama chupa. Mbele ya ndugu za mgonjwa hakunivunjia heshima. Aliniita kando.

«Muganga, samahani», akasema. «Maji hayo ni ya sukari. Huyu amepoteza maji na chumvi. Tena yanakwenda kama machozi. Mpaka asubuhi hatakuwapo.»

«Tukiharakisha, moyo utazama, mama.»

«Mwanangu, moyo huu hauna maji ya kuuzamisha. Umekauka. Lete Ringer, lete sindano nene, tumchome mikono yote miwili.»

Akanifanyia hesabu pale pale. Mtu mzima aliyekauka kabisa kwa kolera hupata mililita 100 za Ringer lactate kwa kila kilo, katika saa 3: mililita 30 kwa kilo katika nusu saa ya kwanza, na mililita 70 kwa kilo katika saa mbili na nusu zinazofuata. Kwa mtu wa kilo 60, hizo ni karibu lita 2 katika nusu saa, na lita 6 kwa jumla. Mimi nilikuwa nimepanga kumpa lita moja mpaka usiku wa manane.

Tuliyafungulia maji. Baada ya nusu saa mshipa ulirudi. Kabla ya saa 3 kwisha, kijana aliomba maji ya kunywa kwa mdomo wake mwenyewe. Asubuhi alikojoa, na yule mama akacheka kama mtu aliyepokea mjukuu. Siku ya tatu kijana alitembea kwenda kwake.

Hapo ningeweza kukomea, na habari ingekuwa nzuri. Lakini kuna kipande kingine. Majuma mawili kabla ya usiku huo, mfanya kazi mwingine aliletwa katika hali ile ile. Nilimpa maji yale yale, kwa mwendo ule ule. Alikufa kabla ya mapambazuko, ameacha mke na watoto. Kwenye fishi yake niliandika: «Alifikishwa kwa kuchelewa.» Niliamini hivyo nilipoandika. Leo najua kwamba aliyechelewa hakuwa yeye. Nilikuwa mimi, na nilichelewa kwa miaka yote ile niliyokaa bila kunolewa.

MAKOSA HAYO SI YA MTU MMOJA

Msidhani ni jambo la mwuguzi mmoja mvivu. Mwezi wa 7 mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda waliingia Goma kwa mamia ya maelfu, na kolera ikawashukia. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, wengi wao kwa magonjwa ya kuhara. Mashirika kutoka duniani kote yalikuja, na dawa zilikuja kwa ndege. Hata hivyo watu walikufa ndani ya vituo vya matibabu, wakiwa wamelala mbele ya waganga.

Madaktari kutoka Bangladesh, nchi inayoijua kolera kwa vizazi, walikuja kusaidia, kisha mwaka 1995 wakaandika katika gazeti la waganga The Lancet sababu za vifo hivyo. Walitaja hizi: maji yalitolewa polepole mno, maji ya kunywa ya chumvi na sukari hayakutumiwa vya kutosha, serumu zilizotundikwa hazikuwa za namna inayofaa, na waganga wengi hawakuwa na mazoea ya kumtunza mgonjwa wa kolera kali. Niliposoma sababu hizo niliweka karatasi chini. Nilikuwa nimeyafanya yote manne.

Angalieni vile vile habari nyingine, ya upande wa pili. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis alikuwa akitunza wakimbizi huko Bangaon, India. Serumu zilimwishia. Akachanganya chumvi na sukari katika maji safi, akawafundisha ndugu za wagonjwa kuwanywesha kikombe kwa kikombe. Wafu wakashuka kutoka karibu 30 katika wagonjwa 100 mpaka chini ya 4. Hakuwa na jumba zuri. Alikuwa na ujuzi ulio hai, na aliugawa kwa wengine. Leo hii, kituo cha kolera kinachoendeshwa na watu waliofundishwa vema hakitakiwi kupoteza hata mtu 1 katika 100.

Sisi wa pwani hii hatuwezi kuliweka somo hilo kando. Uvira ni mmoja wa miji ya Kongo ambamo kolera hurudi mwaka hadi mwaka. Wenyeji hawajasahau usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa 4, 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kubomoa nyumba kwa maelfu, na mabomba ya maji yakaharibika. Mahali kama hapa mwuguzi hawezi kusema: «Nitajifunza kolera itakapokuja.»

SEMINARI YA SIKU MOJA HAITOSHI

Sasa mtu ataniuliza: mbona wauguzi hupelekwa seminari mara kwa mara? Hupewa kaye na kalamu, hula chakula cha mchana, hurudi na karatasi yenye muhuri. Je, hiyo haitoshi?

Jibu lipo ng'ambo ya ziwa. Katika mkoa wa Manyara, Tanzania, kuna hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mbali na miji mikubwa kama tulivyo sisi. Mwaka 2010 wauguzi na wakunga wake walifundishwa kwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, kwa mafunzo yale yale ya mtoto wa plastiki. Baada ya masomo walijaribiwa, nao walifanya vizuri sana mbele ya mtoto wa plastiki. Lakini watafiti walipowaangalia katika chumba cha kuzalia, mbele ya watoto wa kweli, waliona kwamba kazi haikubadilika. Elimu ilibaki mezani, haikufika kitandani.

Waliona kosa, wakabadili njia. Kuanzia mwaka 2011 waliacha kutegemea siku moja kubwa. Waliweka mtoto wa plastiki karibu na mahali pa kazi, na kila juma kila mmoja akafanya mazoezi ya dakika 3 mpaka 5 tu. Mara moja kwa mwezi walifanya mazoezi marefu zaidi, ya dakika 40. Matokeo yalihesabiwa: zamani, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa, 11 hivi walikufa katika saa 24 za kwanza, baadaye wakawa 7 hivi. Hawakujenga jengo jipya, wala hawakuajiri profesa. Dakika 3 mpaka 5 kwa juma, basi.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyekasirika, ulichokiona mezani siku ile hakikuwa mchezo. Zilikuwa ni dakika zile.

Hata hivyo nisikudanganye kwamba mazoezi pekee yanatosha. Lazima yaende pamoja na vyombo na mpango wa kazi. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini juu ya mama wanaotokwa na damu nyingi baada ya kuzaa. Wakunga walipewa kitambaa cha plastiki chenye alama, cha kukingia na kupimia damu, badala ya kukisia kwa macho. Tena walifundishwa kutoa matibabu yote kwa pamoja, bila kungoja moja lishindwe ndipo waanze jingine. Matatizo makubwa ya damu yalipungua kwa zaidi ya nusu. Chombo bila mafunzo kingebaki kabatini. Mafunzo bila chombo yangebaki kichwani.

MLIMANI MWUGUZI YU PEKE YAKE

Mjini mwuguzi akishindwa humwita daktari, naye huja. Lakini hebu fikiri juu ya huku kwetu, Mulenge na vilima vya Lemera. Mvua ikinyesha, barabara ya bonde inakuwa tope. Mgonjwa hubebwa kwa machela na vijana wanaopokezana, saa kwa saa, mpaka afike penye gari. Na kuna miaka ambapo njia hufungwa na bunduki. Saa hizo zote, mtu wa pekee kati ya mgonjwa na kaburi ni mwuguzi wa kituo. Yeye ndiye mkunga, ndiye mpimaji wa damu, ndiye daktari. Mtu aliye peke yake ndiye anayehitaji kunolewa zaidi, naye ndiye anayesahauliwa kwanza orodha ya seminari inapoandikwa.

Tena kujifunza upya si aibu ya wadogo. Daktari Denis Mukwege alianza kazi katika hospitali ya Lemera mwaka 1983. Aliwaona mama wakifika wamechoka, wakifa kwa uzazi. Hakusema: «Mimi ni daktari, yatosha.» Alikwenda Angers, Ufaransa, akarudi kukaa kwenye benchi la wanafunzi, akasomea magonjwa ya akina mama, na mwaka 1989 akarudi Lemera. Tarehe 6 mwezi wa 10, 1996 hospitali hiyo ilishambuliwa, na wagonjwa na wauguzi wakauawa. Mukwege aliendelea na kazi, akaanzisha hospitali ya Panzi huko Bukavu mwaka 1999, na mwaka 2018 dunia ikamtunukia zawadi ya Nobel ya amani. Mtu wa namna hiyo alirudi shuleni. Mimi na diploma yangu ya A2 ni nani hata nione haya?

KWA WAUGUZI WENZANGU

Maneno machache kwa wenzangu, mahali popote mlipo:

1. Chagueni kitu kimoja kila juma, kimoja tu. Juma hili kumpulizia hewa mtoto mchanga. Juma lijalo kupima ukavu wa maji mwilini. Juma la tatu hesabu ya artesunate kwa uzito. La nne kuhesabu pumzi za mtoto mwenye kikohozi. Kumbukeni: mtoto wa miezi 2 mpaka 11 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka 1 mpaka 5 akipumua mara 40 au zaidi, hiyo ni pumzi ya haraka, na pafu lichunguzwe.

2. Fanyeni kwa mikono. Kusomeana karatasi ni usingizi.

3. Mwalimu ni yule ajuaye, awe A1, A2 au A3. Mimi niliokolewa na mama wa A3, na mgonjwa wangu pia.

4. Mtu akifa, ketini pamoja kesho yake. Ulizeni: tulifanya nini, saa ngapi, kwa chupa gani? Msitafute mtu wa kumfunga. Mkitafuta wa kumfunga, kila mtu ataandika «alifikishwa kwa kuchelewa», na hakuna atakayejifunza.

5. Hesabuni. Wagonjwa wangapi waliingia, wangapi walipona. Bila hesabu hamtajua kama mazoezi yanafaa.

KWAKO WEWE MSOMAJI

Utasema: hayo ni mambo ya waganga, mimi ni mtu wa shimoni. La! Wewe ndiye mwenye mwili unaotibiwa. Kwa hiyo sikia kazi yako.

Kwanza, ukiwakuta wauguzi katika mazoezi, usiwatukane. Mwuguzi wa zamu yupo kwa ajili yako. Na siku mkeo atakapozaa usiku, utafurahi kwamba mikono ile ilifanya mazoezi.

Pili, mwuguzi akifungua kitabu mbele yako, au akitazama karatasi iliyobandikwa ukutani, usimdharau ukisema: «Huyu hajui.» Mtu wa kuogopa ni yule asiyefungua kitabu tangu alipotoka shule.

Tatu, usilazimishe sindano na serumu. Wengi hudhani chupa iliyotundikwa ndiyo uganga wa kweli, na maji ya kunywa ni ya kuwadanganya maskini. Mgonjwa wa kuhara anayeweza kunywa aponywe kwa kunywa. Mwuguzi aliyefundishwa vema atakunyima chupa usiyohitaji, ili ibaki kwa yule asiyeweza kunywa.

Nne, uliza. «Dawa hii ni ya nini? Ninywe mara ngapi? Nikiona dalili gani nirudi?» Mwuguzi anayeulizwa hujifunza.

Tano, usingoje. Kuhara kwa maji kama yaliyooshea mchele kukianza nyumbani, anza kunywesha pale pale: paketi moja ya SRO katika lita moja ya maji safi. Kama hakuna paketi, weka vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vilivyosawazishwa, katika lita moja ya maji safi. Huku ukimnywesha, mlete. Usimngoje afumbe macho.

Nao wakubwa wa kazi nawaomba hili kwa heshima: saa moja ya mazoezi kwa mwezi, na dakika chache kila juma, zisihesabiwe kuwa ni saa zilizopotea. Hakuna anayesema kwamba saa ya kukagua kamba imepotea.

Yule mama wa A3 alikwisha pumzika kazi, naye yu mzima kwao. Nilipokwenda kumwamkia, aliniuliza swali moja kabla hata ya kunipa kiti: «Mwanangu, vijana wako wanajua sasa ni chupa ngapi kwa mtu wa kilo 60?» Nikamjibu: «Ndiyo, mama. Lita 6 kwa saa 3.» Akasema: «Waulize tena mwezi ujao.»

Nimekuwa nikiwauliza kila mwezi tangu siku ile. Ukipita dispanseri ukasikia mtu akihesabu kwa sauti, jua ni sisi. Ingia tu, mwuguzi wa zamu atakupokea.